Kwenda Kuwaona Gorila wa Milimani: Gharama, Maandalizi na Siku Yenyewe Msituni

Tangu niliporudi kutoka kuwaona gorila wa milimani huko Bwindi, Uganda, maswali ninayoulizwa ni yale yale: Je, ni kweli kibali cha kuwaona ni dola 1,500? Je, mtu asiye na mazoezi anaweza kufika? Je, hawa si ndio wale wa Gombe? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anayeanza kabisa anaweza kuufuata.

Nianze na hilo la Gombe kwa kuwa ndilo jepesi. Gombe na Mahale, nchini Tanzania, ni makazi ya sokwemtu, ambao ni wadogo zaidi, wenye makelele, na hushinda sana juu ya miti. Gorila wa milimani hawapo Tanzania wala Kenya. Wako sehemu mbili tu duniani: safu ya volkano za Virunga, ambayo Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinaigawana, na msitu wa Bwindi ulioko kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na kipande cha Sarambwe kinachoungana nao upande wa Kongo. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 ziliwakuta 604 Virunga na 459 Bwindi na Sarambwe, yaani 1,063 kwa jumla. Hakuna bustani ya wanyama popote inayowafuga. Gorila unaowaona kwenye bustani za Ulaya na Marekani ni wa nyanda za chini. Anayetaka kuwaona hawa hana budi kupanda mlima.

Gharama: anza na pasipoti yako

Bei ya kibali hutegemea uraia wako, na hapa ndipo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hukata tamaa bure, kwa kuwa takwimu wanazokutana nazo kwenye mtandao zimeandikiwa watalii wa Ulaya na Marekani.

Nchini Uganda, kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Julai 2024, mgeni asiye mkazi hulipa dola 800, mgeni mwenye ukazi hulipa dola 700, raia wa nchi nyingine za Afrika hulipa dola 500, na raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi za Uganda 300,000, ambazo hazifiki hata dola 100. Nchini Rwanda, bei ya kimataifa ilipandishwa Mei 2017 kutoka dola 750 hadi 1,500, lakini kuna viwango maalumu vya dola 200 kwa raia wa Jumuiya na dola 500 kwa raia wa nchi nyingine za Afrika na kwa wageni wakazi. Viwango hivi hupitiwa upya mara kwa mara, kwa hiyo vithibitishe kwenye tovuti ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda au Bodi ya Maendeleo ya Rwanda kabla ya kutuma hata senti moja. Upande wa Kongo, katika Hifadhi ya Virunga, kibali kimekuwa dola 400 kwa miaka mingi, ila hali ya usalama ya Kivu Kaskazini imefunga utalii mara nyingi, na mimi simshauri mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza apange safari yake huko.

Kibali hulipia kiingilio cha hifadhi, mwongozaji, watu wanaotangulia kuzifuata nyayo, na askari wa hifadhi wanaokusindikiza. Hakilipii usafiri, malazi, chakula, mpagazi, wala bahshishi. Kwa raia wa Jumuiya, hivi vya pili ndivyo vinavyokula fedha: kukodi gari imara pamoja na dereva nchini Uganda huanzia takriban dola 80 kwa siku kabla ya mafuta, na safari ya kutoka Kampala hadi Bwindi na kurudi huchukua siku tatu ikiharakishwa. Kwa maneno mengine, gari litakugharimu zaidi ya kibali. Dawa yake ni kwenda watu watatu au wanne na kugawana gari, au kupanda basi la Kampala hadi Kabale au Kisoro, miji iliyo karibu na Bwindi, na kukodi gari kuanzia hapo tu. Malazi yana ngazi zote, kuanzia vyumba vya kawaida mjini Kisoro (Uganda) na Musanze (Rwanda) hadi loji zinazozidi dola 1,000 kwa mtu kwa usiku mmoja. Gorila ni wale wale.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Nyaraka kwanza. Uwe na pasipoti au kitambulisho kilichotumika kununulia kibali, kibali chenyewe kikiwa kimechapishwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Raia wa Kenya na Rwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Ukiwa umefuatana na rafiki wa kigeni, iko visa moja ya utalii ya Afrika Mashariki ya dola 100 inayomruhusu kuingia Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90.

Umri: asiyetimiza miaka 15 haruhusiwi, na hapa hakuna mjadala.

Mavazi na vifaa:

- Buti zinazoshika matope, ambazo umekwisha kuzivaa za kutosha nyumbani.
- Suruali ndefu ya kitambaa kigumu na shati la mikono mirefu. Msituni kuna majani yanayowasha kupita kiasi, na yanapenya kwenye kitambaa chepesi.
- Soksi ndefu za kuchomekea suruali. Hizi ni kwa ajili ya siafu.
- Glovu ngumu za bustani. Utashika matawi, mizizi na miiba ili usiteleze.
- Koti la mvua, hata kama ni kiangazi.
- Maji lita mbili na chakula cha mchana cha kubeba.
- Barakoa mbili, ili moja ikilowa jasho uwe na nyingine.
- Fedha taslimu za nchi husika kwa ajili ya mpagazi na bahshishi. Ukibeba dola, ziwe safi na za matoleo ya karibuni, kwa maana noti chakavu au za zamani hukataliwa.

Usivae nguo zenye madoa ya kijeshi. Nchini Uganda raia haruhusiwi kuzivaa na zinaweza kukuletea kesi. Usiingie Rwanda na mifuko ya plastiki, kwa kuwa ilipigwa marufuku tangu 2008. Vitu vyako vya kukinga na maji vitie kwenye mfuko maalumu usiopitisha maji.

Hatua kwa hatua

1. Chagua nchi na eneo. Ukitafuta ukaribu, Rwanda inashinda: kutoka Kigali hadi Kinigi, yaliko makao ya Hifadhi ya Volkano (sehemu ya Virunga iliyo Rwanda), ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa lami nzuri. Ukitafuta unafuu wa kibali, Uganda inashinda, lakini kutoka Kampala hadi Bwindi ni saa nane hadi kumi barabarani. Njia ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote kwa mtu anayekuja kwa ndege, ni kushukia Kigali, kuvuka mpaka wa Katuna au Cyanika, na kuingia Bwindi upande wa kusini siku hiyo hiyo.

   Bwindi ina maeneo manne: Buhoma, lililofunguliwa kwa wageni mwaka 1993, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Yanaonekana jirani kwenye ramani, lakini barabara zinazoyaunganisha huzunguka milima, na kutoka moja hadi jingine kunaweza kukuchukua nusu siku. Rushaga lina familia nyingi zaidi za gorila waliozoeshwa watu, kwa hiyo vibali vyake hupatikana kwa urahisi kidogo. Nkuringo lina miteremko mikali, nami sitamwelekeza huko mtu mwenye magoti mabovu. Mgahinga, hifadhi ndogo ya Uganda upande wa Virunga, ina familia moja tu iliyofunguliwa kwa wageni, inayoitwa Nyakagezi.

2. Chagua tarehe. Kiangazi ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari; njia hukauka na vibali huisha mapema. Masika na vuli si vibaya kama watu wanavyodhani. Upande wa Virunga, mvua huchipusha mianzi, na gorila huteremka kuifuata, hivyo mwendo unaweza kuwa mfupi kuliko wakati wa kiangazi. Matope nayo huongezeka, na barabara za Bwindi huwa mtihani. Kama bajeti yako ni ndogo, nenda wakati wa mvua, maana hata malazi hushuka bei.

3. Nunua kibali kabla ya kitu kingine chochote. Kila familia hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, mara moja tu. Ndiyo sababu vibali ni haba, na ndiyo sababu ni kosa kubwa kulipia ndege na hoteli kwanza kisha kuanza kutafuta kibali. Kwa miezi ya kiangazi, anza kutafuta miezi minne hadi sita kabla. Unaweza kununua moja kwa moja kwa mamlaka husika au kupitia kampuni ya utalii yenye leseni.

   Angalia mambo matatu kwenye kibali: jina liwe sawa na la pasipoti herufi kwa herufi, tarehe iwe sahihi, na kwa Uganda, jina la eneo liwe lile ulilopangia malazi. Kampuni moja iliyotuuzia vibali iliandika Ruhija wakati sisi tumelala Rushaga. Tuligundua saa tatu usiku, tukaondoka saa tisa alfajiri kwenye ukungu, na tulifika dereva akiwa amekwisha kunyamaza kwa hasira. Isome karatasi siku ile unayoipokea.

   Anayelipa bei ya raia wa Jumuiya atatakiwa kuonyesha uthibitisho siku ya safari. Ukiusahau nyumbani, utatakiwa kulipa tofauti.

4. Panga malazi na gari kufuatana na kibali. Lala karibu na lango la eneo lako. Kosa la wageni wengi wa Rwanda ni kudhani kwamba wakishafika Kinigi kazi imekwisha. Kutoka hapo hadi mahali pa kuanzia kupanda kuna mwendo wa gari, wakati mwingine wa saa nzima kwenye barabara ya mawe, na hifadhi haitoi gari. Asiye na gari huomba nafasi kwa wageni wengine, na asubuhi yenye haraka si wakati mzuri wa kuomba.

5. Andaa miguu. Huhitaji kuwa mwanariadha. Unahitaji kuweza kupanda na kushuka kwa saa tatu au nne bila kukata tamaa, mahali ambapo hewa ni nyepesi: Bwindi huanzia mita 1,160 na kufika 2,607 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Virunga mara nyingi utatembea juu ya mita 2,500. Wiki sita za kupanda ngazi au mlima wowote wa karibu, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Fanya mazoezi ya kushuka pia. Kushuka ndiko kunakoyatesa mapaja na magoti, na watu hawalifahamu hilo hadi siku inayofuata wanaposhindwa kuketi.

6. Jilinde na mafua. Wiki moja kabla, kaa mbali na mtu anayekohoa. Gorila wako karibu sana nasi kimaumbile, kiasi kwamba mafua yetu ya kawaida yanaweza kuwaua. Mwaka 2009 nchini Rwanda, virusi vya njia ya hewa vya binadamu viliingia kwenye familia moja, na jike mmoja pamoja na kichanga walikufa. Ukiamka na homa, kikohozi au tumbo la kuendesha, sema. Wanaoficha hugunduliwa njiani na kurudishwa, na wasipogunduliwa ni balaa zaidi.

7. Fika mapema. Rwanda hutaka uwe Kinigi saa moja asubuhi. Uganda, fika langoni kabla ya saa moja na nusu. Hapa kuna mtego ambao nimeona ukiwanasa wenyeji na wageni: saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Uganda, Kenya na Tanzania kwa saa nzima. Saa moja ya Kigali ni saa mbili ya Kampala. Karibu na mpaka, kama vile Kisoro, simu inaweza kunasa mtandao wa upande wa pili na kujibadilisha saa yenyewe usiku. Zima marekebisho ya saa ya kujiendesha, na umwombe mhudumu wa hoteli akugongee mlango.

   Utaandikishwa, utapewa maelezo ya kanuni, kisha mtagawanywa kwenye makundi. Rwanda hupanga makundi asubuhi hiyo kwa kuangalia umri na nguvu za watu, kwa hiyo ndio wakati wa kusema kweli kuhusu goti lako. Uganda, mara nyingi familia huwa imetajwa tangu ulipohifadhi nafasi, lakini bado inafaa kumweleza askari wa zamu. Mara nyingi wanaweza kubadilisha.

8. Kodi mpagazi. Hata kama begi lako ni jepesi. Bei ni takriban dola 15 hadi 20 kwa siku, nje ya bahshishi. Mpagazi hubeba begi, lakini thamani yake utaiona penye mteremko wenye matope, anapokanyaga mbele na kuuweka mguu wake uwe ngazi yako. Wengi wao ni vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, ambao zamani waliuingia kutafuta kuni, asali na nyama. Kijana aliyenishika mkono Rushaga aliniambia kwamba zamu yake huja mara chache kwa mwezi, kwa kuwa wapagazi ni wengi kuliko wageni. Aliyekataa mpagazi ili kuonyesha nguvu hakuonyesha chochote.

9. Panda kwa mwendo wako. Wafuata nyayo hutangulia alfajiri hadi mahali familia ilipolala jana. Gorila hutengeneza vitanda vipya vya majani kila jioni, kwa hiyo vitanda vya jana ni mahali pazuri pa kuanzia. Huko huzifuata nyayo, mabua yaliyotafunwa na kinyesi, na hupashana habari na mwongozaji wako kwa simu ya upepo. Unaweza kufika baada ya nusu saa. Unaweza pia kutembea saa sita. Hakuna anayeweza kukuahidi. Askari wenye bunduki mtakaofuatana nao wapo kwa ajili ya tembo na nyati, na hufyatua hewani kuwatisha. Tembea ukiwa nyuma ya mwongozaji, kunywa maji kabla ya kusikia kiu, na ukishikwa na haja kubwa mwambie: atakuchimbia shimo refu na kulifukia, ili ugonjwa usibaki nyuma.

10. Ukikaribia, acha kila kitu. Mwongozaji atasimama, ataongea kwa kunong'ona, na mtaacha fimbo, mabegi na vyakula kwa wapagazi. Vaa barakoa. Zima flashi ya kamera na uhakikishe imezimika, kwa sababu simu nyingi huiwasha zenyewe penye kiza. Ukiwa bado umesimama hapo, pumua kwa pua: harufu yao huwa imekwisha kufika, kali, kama ya jasho la mtu aliyefanya kazi kutwa, ikichanganyika na majani yaliyovunjwa.

11. Itumie saa yako vizuri. Kibali hukupa dakika 60 tangu mnapowaona, na mwongozaji huzihesabu kwa saa ya mkononi. Kanuni ni kukaa mita 10 kutoka kwao, ingawa watoto wa gorila hawajaisoma na wanaweza kukusogelea. Wewe ndiye unayerudi nyuma polepole. Usinyooshe kidole, usiinue sauti, usile, usimkazie macho dume.

    Ushauri wangu ni huu: piga picha dakika kumi za mwanzo, kisha shusha simu. Wengi hutoka na picha 400 za mgongo mweusi nyuma ya majani, na hawakumbuki kitu. Nilipoiweka simu mfukoni ndipo nilipoanza kuwaona. Dume mkubwa mwenye mgongo wa fedha alikuwa ameketi akimenya bua la mmea wenye maji, akilishika kwa vidole vinne na kulivuta kwa meno kama mtu anayekula muwa, makapi akiyaacha yaanguke juu ya tumbo lake. Mtoto mmoja alipanda mti mwembamba usiomweza, ukapinda taratibu, ukamtua chini kwa makalio. Alitazama huku na huku kama anayeangalia iwapo ameonekana, kisha akapanda tena. Mara kwa mara mwongozaji alitoa mngurumo mfupi wa kooni, kama mtu anayesafisha koo baada ya chakula kizuri, na dume akamjibu vivyo hivyo. Ndiyo lugha ya kusema kwamba pote ni salama.

    Sikiliza tofauti. Mngurumo laini ni amani. Kikohozi kikavu cha kukatika ni onyo, na kinamaanisha umesogea mno. Kupiga kifua, kwa viganja vilivyo wazi na si kwa ngumi, hutoa mlio wa pok-pok-pok unaosikika mbali. Mara nyingi ni kujionyesha tu.

12. Kushuka na kulipa. Muda ukiisha, mwongozaji atawaondoa hata kama ndio kwanza dume amegeuka kukutazama. Usibishane. Chini, mlipe mpagazi wako mkononi mwake, na bahshishi za mwongozaji na wafuata nyayo zitoe tofauti, kwa kuwa wafuata nyayo hubaki juu na husahaulika. Sehemu ya fedha za kibali hurudi kwa vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi, na Uganda hutenga dola 10 kwenye kila kibali cha gorila. Bahshishi haimo humo.

Mambo yakienda kombo

*Vibali vimeisha tarehe unayoitaka.* Uliza maeneo mengine ya Bwindi kabla ya kubadili nchi, hasa Rushaga, na baada ya hapo Mgahinga. Wanaoahirisha huachia nafasi, na kampuni yenye leseni huzisikia mapema kuliko wewe. Usinunue kibali chenye jina la mtu mwingine.

*Umeugua usiku wa kuamkia.* Ripoti langoni kabla ya kupanda, usisubiri. Anayejitoa kabla ya msafara kuanza huwa na haki ya kurejeshewa sehemu ya fedha au kupangiwa siku nyingine kwa masharti yaliyoandikwa. Anayerudishwa katikati ya njia huwa hana la kudai.

*Miguu imegoma katikati ya mlima.* Mwambie mwongozaji mapema, wakati bado unaweza kusimama. Bwindi kuna machela inayobebwa na vijana wanaopokezana, ambayo kwa mzaha huitwa helikopta. Hugharimu dola mia kadhaa kwa kuwa huhitaji watu wengi, na ni bora kuikodi tangu asubuhi kama unafahamu kwamba mzee wenu hataweza. Nimemwona bibi wa miaka zaidi ya sabini akifika kwa helikopta hiyo akiwa mkavu kuliko sisi sote.

*Gorila wanatembea na huwaoni vizuri.* Hili hutokea, hasa Bwindi penye kichaka kizito. Usikimbilie mbele. Kaa nyuma ya mfuata nyayo anayefyeka, kwa kuwa anajua wanakoelekea na atakufungulia dirisha kwenye majani. Familia ikipumzika, kwa kawaida kuanzia saa nne za asubuhi hivi, mambo hutulia.

*Dume amekuja moja kwa moja kwako.* Chuchumaa, tazama chini, usikimbie. Mara nyingi hupita tu, na atakayekuponza ni jirani yako anayepiga kelele.

*Lenzi imepata ukungu.* Kamera iliyopoa hufanya hivyo ikikutana na hewa yenye joto na unyevunyevu. Iache nje ya begi wakati wa kupanda ili izoee, na ubebe kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa shati. Betri ya akiba iweke karibu na mwili, kwa maana baridi huimaliza.

*Siafu wameingia ndani ya suruali.* Kwanza toka kwenye msafara wao, hatua kumi au zaidi, ndipo uanze kuwabandua mmoja mmoja. Anayesimama pale pale na kupiga miguu huongeza wengine, na mwongozaji wake hucheka kabla ya kumsaidia.